Deraya Nyeupe na Mafundi Wake wa Ridhaa

Neno deraya msomaji wa Kiswahili amelikuta zaidi katika tenzi za vita kuliko katika maisha yake. Ni vazi la chuma la shujaa wa kale, alilolivaa ili upanga usimfikie mwilini, nalo liliondoka vitani bunduki ilipoligeuza kuwa mzigo wa bure. Walakini chuma kilipotupwa, sura yake haikutupwa. Ilihamia jukwaani, kisha katika senema, na huko ikapata kazi mpya: haikutakiwa tena kumzuia adui, bali kumdanganya mtazamaji. Historia ya deraya moja ya namna hii, nyeupe, ya plastiki, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1976, yastahili kusimuliwa. Ndani yake mna swali ambalo mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilibidi ilitolee hukumu, nalo ni hili: kitu kilichochorwa na mmoja, kikafinyangwa na wa pili, kikatolewa katika kalibu na wa tatu, ni cha nani? Kabla majaji hawajasema neno, watu wengi wasio na mshahara wala cheo walikuwa wamekwisha kulijibu swali hilo kwa mikono yao.

Mwaka ule George Lucas, Mmarekani, alikuwa akipiga picha za senema yake Star Wars katika majumba ya Elstree, karibu na London. Hadithi ilihitaji jeshi la dhalimu, askari wasio na nyuso, wasioweza kutambuliwa huyu na yule. Mchoraji Ralph McQuarrie alikwisha kuwaonyesha katika picha zake za rangi. Mavazi yote ya senema ile yalikuwa chini ya John Mollo, mtu aliyejifunza sare za majeshi ya zamani kama wengine wanavyojifunza sarufi, na ambaye kabla ya hapo alikuwa mshauri wa sare katika senema ya vita iitwayo The Charge of the Light Brigade, ya mwaka 1968. Chapeo ya askari wale ilifinyangwa kwa udongo na Nick Pemberton. Huyu alikuwa na rafiki, Andrew Ainsworth, mwenye karakana ya plastiki huko Twickenham, akampelekea kazi. Ainsworth akaitoa chapeo katika plastiki, Lucas akaiona, ikampendeza, zikaagizwa nyingine 50. Mabamba ya kifua, mgongo, mikono na miguu yalifinyangwa na Brian Muir, nayo pia yakatolewa katika karakana ya Twickenham.

Njia iliyotumika ni rahisi kueleza na ngumu kuitenda. Bamba la plastiki hupashwa moto mpaka lilegee kama ngozi iliyorowekwa. Hulazwa juu ya kalibu. Hewa iliyo chini huvutwa kwa pampu, na plastiki hunywea ikashika umbo lote, mwinuko kwa mwinuko. Ikipoa huondolewa, kingo zikakatwa. Kwa njia hii jeshi zima laweza kuzaliwa katika majuma machache, na majuma machache ndiyo waliyokuwa nayo. Dalili za haraka zilibaki. Upande mmoja wa uso wa chapeo haulingani na wa pili. Mistari midogo ya mashavuni ilichorwa kwa mkono. Viatu vilikuwa buti fupi za kawaida zilizopakwa rangi nyeupe. Katika senema yenyewe, iliyotoka Mei 25, 1977, askari mmoja aonekana akijigonga kichwa penye mlango, maana aliyeivaa chapeo ile haoni vizuri mbele wala haoni kabisa miguu yake. Kamera haikujali. Iliona jeshi.

Mollo alipata tuzo ya Oscar ya mavazi mwaka 1978, naye aliistahili. Mavazi yenyewe yalikuwa vyombo vya kazi. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyedhani kwamba miaka 20 baadaye watu wazima wangebishana juu ya upana wa ukingo wa bamba la bega.

Walibishana kwa sababu walitaka kuitengeneza. Hapo mwanzo waliokuwa na tamaa hii waliishi mbalimbali, kila mtu peke yake, akisimamisha ukanda wa video penye picha moja ili ahesabu vifungo. Mmoja alijua umbo la mshipi, mwingine alikuwa na picha ya mgongo, wa tatu alipata kushika kipande cha asili na kukitolea kalibu. Elimu ya deraya nyeupe ilitawanyika kama vigae vya mtungi uliovunjika. Mwaka 1997 senema zile zilirudishwa katika majumba ya maonyesho, na mwaka huohuo, katika jimbo la South Carolina, Albin Johnson na rafiki yake Tom Crews walianzisha chama cha wavaaji wa deraya hii, wakakipa jina 501st Legion, yaani Jeshi la 501. Johnson alikuwa mtu aliyepoteza mguu kufuatia ajali ya gari. Hapana haja ya kulitia jambo hili maneno mengi. Yatosha kusema kwamba ndani ya deraya ile mguu wa bandia hauonekani, na kwamba askari wa deraya nyeupe wote husimama sawa. Chama kikakua upesi, kikavuka Marekani, na leo wanachama wake, walioenea katika mabara mbalimbali, wamepita 10,000. Kila mmoja ana namba. Ya mwenye deraya hii hutanguliwa na herufi TK, zilizochukuliwa kutoka katika senema ya kwanza, ambamo askari mmoja aitwa TK-421.

Chama hiki hakiuzi deraya, wala mtu hakubaliwi kwa kutoa fedha. Anayetaka kuingia huonyesha vazi lake kwa picha, mbele, nyuma na ubavuni, nao waliomtangulia hulikagua kipande kwa kipande. Wakiona kasoro humrudishia. Huenda msomaji akaona ukali huu ni upuuzi, kwa kuwa kinachokaguliwa ni mfano wa kitu ambacho chenyewe kilifanywa kwa haraka. Na hakika pana kichekesho katika kumwambia mtu kwamba mashavu ya chapeo yake yamelingana mno. Lakini ukaguzi ule huandamana na msaada, na hapo ndipo ilipo siri ya chama.

Mgeni hupata sanduku la vipande vyeupe, vyenye kingo mbovu, vilivyokatwa kwa kumfaa mtu asiyekuwa yeye. Hajui aanzie wapi. Basi huitwa siku ya mapumziko katika banda la gari la mwenzake, ambako wamekutana wanne au watano, kila mmoja na kisu chake, msasa wake na sanduku lake. Hapo hufundishwa kwamba plastiki haikatwi moja kwa moja: huchorwa mstari kwa kisu, kisha hukunjwa mpaka ivunjike penye mstari. Hufundishwa kupima mkono wake kabla ya kukata, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Nusu mbili za bamba la mguu huunganishwa kwa kipande chembamba kilichotiwa gundi kwa ndani, zikabanwa kwa sumaku na vibanio usiku kucha. Masikio ya chapeo ni mtihani wa peke yake. Hayakai mpaka yapunguzwe kidogo, yajaribiwe, yapunguzwe tena, na wengi wameharibu jozi ya kwanza. Mwenye uzoefu hakai akatazama. Lakini pia hamfanyii mgeni kazi yote. Humshikia bamba, humwachia kisu.

Msaada huu hauishi deraya inapokwisha. Mtu mmoja ni shida kuivaa. Kamba na vifungo vya mgongoni havifikiki, na akiisha vaa hawezi kuinama kuokota kitu kilichomwanguka. Kwa hiyo penye maonyesho huwapo mwenzake asiyevaa, wa kumfungia, kumwongoza ngazini, kumnywesha maji na kuwaambia watoto wapite upande gani. Shujaa wa Ulaya ya kale alikuwa na kijana wa kumvika chuma. Katika deraya hii ya plastiki kazi ileile imerudi, ila leo anayevika ndiye atakayevikwa juma lijalo.

Sasa turudi Twickenham. Mwaka 2004 Ainsworth alianza kuuza chapeo na deraya za namna ile, akizitangaza kwamba zatoka kwa fundi wa asili. Kampuni ya Lucas ikamshitaki. Mahakama ya California ilitoa hukumu mwaka 2006 kwamba alipe dola 20,000,000. Lakini yeye hakuwa California, na shauri likafuata kule aliko. Mwaka 2008 Jaji Mann wa London alilisikiliza, mwaka 2009 likaenda mahakama ya rufani, na Julai 27, 2011, Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ikalikata.

Swali lilikuwa la lugha kuliko la fedha, na kwa sababu hiyo yafaa wanafunzi wa lugha walitazame. Je, chapeo ni sanamu? Kama ni sanamu, basi ni kazi ya sanaa, na haki ya aliyeimiliki hudumu miaka mingi. Kama si sanamu, ni chombo, na ulinzi wa umbo la chombo ni mfupi, nao ulikuwa umekwisha kupita. Majaji walisema kwamba kazi ya sanaa ilikuwa senema. Chapeo ilikuwa chombo kilichotumika katika kuifanya. Na kuiita chapeo ya askari sanamu ni kulipotosha neno kutoka katika matumizi ya kawaida ya watu. Ainsworth akashinda Uingereza, ijapokuwa mahakama hiyohiyo ilisema kwamba majaji wa Uingereza waweza kumsikiliza anayedai kwamba haki yake ya Marekani imevunjwa, na kwa upande huo Ainsworth alishindwa.

Hukumu ile ni ya busara katika sheria, lakini yaacha kitu nje. Kitu kilichotoka mikononi mwa wanne hakisemi chenyewe ni chombo au sanaa. Hutegemea anayekitazama anakitaka kwa nini. Mafundi wa ridhaa waliigeuza chapeo kuwa kitu cha kusomwa, kila mkwaruzo una maana, kama mwanachuoni anavyosoma hati ya mkono ya utenzi na kukataa kusahihisha kosa la mwandishi wa kwanza. Wao pia hawakuwa na haki juu yake kisheria. Waliitengeneza kwa kuachiwa na kampuni, kwa masharti kwamba wasijipatie faida. Lakini walijiwekea sheria yao. Katika jamii yao hakuna jina baya kama la mtu anayenunua vipande vya mwenzake, akavitolea kalibu kwa siri, akauza. Aliyenakili senema humchukia aliyenakili nakala! Yaonekana ni unafiki, wala si rahisi kuwatetea kabisa. Labda utetezi wao ni huu: kile walichokiona ni mali ya mtu si umbo, bali masiku yaliyotumika kulisafisha.

Nguvu ya chama haikuonekana mahakamani. Mapema katika miaka hiyo binti mdogo wa Johnson aliugua uvimbe wa ubongo, na ugonjwa wake haukuwa wa kupona. Ikatakiwa roboti wa kumlinda mtoto anapolala, kama yule aonekanaye katika senema akimlinda mwanamke aliyelala. Wako mafundi wengine wa ridhaa ambao kazi yao si deraya bali ni roboti. Waliposikia, waliacha shughuli zao, mmoja akatoa mwili, mwingine magurudumu, mwingine kichwa, wakaanza kumuunda wa rangi ya waridi. Wakamwita R2-KT, herufi mbili za mwisho zikitamkwa kama jina la mtoto. Walijua kwamba wanashindana na muda. Roboti wa muda, wa rangi hiyohiyo, alifika Julai 2005, mtoto akamwona. Mwezi uliofuata, Agosti, akafariki. Baba hakulifungia lile roboti chumbani. Lilipelekwa hospitalini kwa watoto wengine, na mwaka 2015 lilionekana katika senema ya Star Wars ya mwaka huo, The Force Awakens.

Siku ya mwaka mpya ya 2007, Lucas alipoalikwa kuongoza gwaride la maua la Pasadena, California, aliwaita wenye deraya. Walikuja kiasi cha 200 kutoka nchi mbalimbali, wakaandamana kilomita karibu tisa katika plastiki inayokata ngozi ya kwapa na nyuma ya goti kila hatua. Aliyeanza na chapeo 50 za kukodishia kamera sasa alikuwa mbele ya jeshi ambalo hakulitengenezea deraya.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea bila gwaride. Kampuni ya Lucas ilikuwa imeuzwa kwa Disney mwaka 2012. Senema ya mfululizo iitwayo The Mandalorian, iliyoonyeshwa mwaka 2019, ilihitaji kikosi kikubwa cha askari weupe mwishoni mwa hadithi, na deraya zilizokuwa katika ghala la watengenezaji hazikutosha. Kutengeneza nyingine kulihitaji muda. Mtu akakumbuka chama. Wanachama waliokuwa karibu wakapigiwa simu. Wakafika asubuhi na masanduku yao, wakafunguliana vifuniko, wakavishana, wakapanga mstari mbele ya kamera.