'Machozi ya mamba': Chimbuko la msemo kuhusu huzuni ya uongo

Mtu anapomlilia hadharani yule aliyemdhuru kwa siri, Waswahili husema kwamba anatoa "machozi ya mamba". Msemo huo, unaopatikana pia katika Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, umetokana na imani ya kale kwamba mamba hulia huku akimla mwanadamu.

Imani hiyo ilienea Ulaya katika karne ya 14 kupitia kitabu cha safari kinachohusishwa na John Mandeville, mtu ambaye wasomi wengi wanatilia shaka kama kweli aliwahi kuishi. Wengi wa wasomaji wake hawakuwa wamemwona mamba hata siku moja. Wakazi wa kando ya Rufiji au Rusizi wangewaeleza mengine: mamba humburura windo lake majini na kulizamisha, mahali ambapo chozi halionekani.

Mwanzoni mwa karne ya 17, Shakespeare aliutumia msemo huo katika tamthilia ya Othello, na hapo ndipo ukali wake unapodhihirika. Othello anampiga mkewe, Desdemona, mbele ya wageni. Mke anapolia, mume anayafananisha machozi hayo na ya mamba. Lakini Desdemona hana hatia, na kilio chake ni cha kweli. Mwishowe anauawa na mumewe huyo huyo. Msemo uliokusudiwa kumfichua mnafiki umetumika kumnyima mwenye uchungu haki ya kuaminiwa.

Je, mamba hulia kweli? Mwaka 2007, watafiti wa Marekani Kent Vliet na Malcolm Shaner walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya Florida. Waliwatazama aligeta na kaimani, jamaa za mamba waliozoezwa kula nchi kavu. Kati ya wanyama 7, 5 walitokwa na machozi wakila. Wengine macho yao yalitoa hata povu. Watafiti hao walidhani kwamba huenda hewa inayotolewa kwa nguvu wakati wa kula ndiyo inayoyasukuma machozi nje. Huzuni haihusiki, na kwa kweli unafiki pia haumo. Kazi ya kawaida ya machozi hayo ni kulainisha jicho. Wapo wanaodhani kwamba mamba hulia ili kutoa chumvi mwilini, ilhali tezi zake za chumvi zimo ulimini.

Shaner, ambaye ni daktari wa mishipa ya fahamu, alivutiwa na suala hilo kwa sababu ya ugonjwa wa binadamu unaoitwa pia machozi ya mamba. Huwapata baadhi ya watu wanaopona baada ya kupooza uso: mishipa iliyopaswa kuamsha mate huota upya kwa kupotea njia, ikafikia tezi ya machozi. Mgonjwa huyo hutokwa na machozi kila anapokula, hata akiwa na furaha.