Habari za Cherehe na Wanoaji wa Sheffield

Msomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli atakumbuka habari iliyo katika sura ya 13. Siku zile za Mfalme Sauli hapakuonekana mhunzi katika nchi yote ya Israeli, na mtu aliyetaka kutia makali jembe lake au shoka lake hakuwa na budi kushuka kwa Wafilisti, walio adui zake, na kulipa. Habari hiyo ni fupi, walakini yatufundisha neno kubwa. Kujua kufua chuma hakutoshi. Lazima pia kujua kukinoa. Panga butu ni mzigo tu mkononi mwa mkulima, na taifa lisiloweza kunoa vyombo vyake limo chini ya mkono wa wengine.

Wazee wetu walinoa kwa kinoo, yaani jiwe gumu lililolazwa chini, wakalimwagia maji na kusugua. Kazi hiyo yataka saburi, wala haina hatari kubwa. Lakini tangu zamani za kale katika nchi mbalimbali watu walifahamu ya kuwa jiwe likichongwa mviringo kama gurudumu na kuzungushwa, kazi ya nusu siku yaweza kwisha kwa muda mchache. Jiwe la namna hiyo ndilo cherehe. Leo nataka kueleza jinsi chombo hiki kilivyoleta faida nyingi na misiba mingi, kwa kuwa vijana wetu wengi sasa wanakitumia katika karakana, wala hawajui damu iliyomwagika hata sheria zake zikajulikana.

Katika Uingereza ya kaskazini pana mji uitwao Sheffield. Labda umepata kuona kisu cha zamani kilichopigwa chapa ya jina hilo. Mji huo umezungukwa na vilima, na mito midogo yenye nguvu yateremka humo: Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley. Karibu pana mawe ya mchanga yafaayo kunolea. Kwa hiyo watu wa huko walikuwa wafua visu tangu zamani, na mwaka wa 1624 Bunge la Uingereza liliwapa sheria ya kuunda chama chao cha mafundi wa visu. Kando ya mito walijenga vibanda, wakatia magurudumu makubwa ya kusukumwa na maji, nayo yakazungusha mawe. Mnoaji alikaa juu ya kigogo kama mtu aliyepanda farasi, jiwe likizunguka mbele yake, akainama na kukandamiza chuma juu ya jiwe kwa mikono miwili.

Siku zile za maji kazi haikuwa mbaya sana. Vibanda vilikuwa na mawe machache, upepo ulipita, na mito ilipokauka wakati wa kiangazi watu walikwenda mashambani. Lakini mwaka wa 1786 mtambo wa mvuke ulianza kuzungusha mawe katika Sheffield. Mvuke haujui kiangazi. Majumba makubwa yakajengwa katikati ya mji, mawe mengi yakawekwa katika chumba kimoja, na watu wakanoa mwaka mzima toka asubuhi hata jioni. Ndipo mauti ilipoingia.

Yafaa tuelewe sababu yake. Wako wanoaji waliotumia jiwe lililoloweshwa maji, na hao waliumia polepole. Lakini wako wengine, hasa wale walionoa nyuma za mezani, ambao kazi yao ilitaka jiwe kavu. Kila chuma kilipogusa jiwe, vumbi la jiwe na la chuma liliruka usoni pa mnoaji aliyeinama, akalivuta kwa pumzi yake. Vumbi la jiwe la mchanga ni kali kuliko vumbi la barabarani. Chembe zake ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Zikiingia katika mapafu hazitoki tena, nayo mapafu hufanya makovu, yakawa magumu, yasiweze kutanuka.

Daktari mmoja wa mji huo, jina lake Knight, aliwahesabu watu hao, na maneno yake yalichapishwa tena mwaka wa 1845 katika kitabu cha Friedrich Engels juu ya hali ya wafanya kazi wa Uingereza. Alisema kwamba katika Sheffield wamo wanoaji wapata 2,500. Wanoaji wa nyuma ni 150, yaani watu wazima 80 na wavulana 70, nao hufa kati ya umri wa miaka 28 na 32. Wanoaji wa nyembe, wanaotumia jiwe kavu na jiwe la maji pia, hufa kati ya miaka 40 na 45. Wanoaji wa visu vya mezani, wanaotumia jiwe la maji, hufa kati ya 40 na 50. Mvulana aliingia kazini aghalabu mwenye umri wa miaka 14. Akiwa na mwili wa nguvu hakuona dalili yo yote mpaka miaka 20. Kisha pumzi ikaanza kumpungukia akipanda kilima au ngazi, mabega yake yakainuka kwa kutafuta hewa, uso ukawa rangi ya manjano, kikohozi kikamshika usiku. Daktari aliongeza neno la ajabu: wale walevi kuliko wenzao ndio walioishi zaidi, si kwa sababu pombe ni dawa, bali kwa sababu siku nyingi hawakufika kazini!

Je, hapakuwa na mtu wa kuwahurumia? Alikuwapo. Katika Sheffield palikuwa na mwalimu wa shule, J. H. Abraham, aliyejua habari za sumaku. Katika mwanzo wa miaka ya 1820 alitengeneza chombo chenye sumaku cha kuwekwa karibu na jiwe, kidake vumbi la chuma lisifike kinywani mwa mnoaji. Chama cha Sanaa cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Lakini wanoaji wengi hawakukitaka chombo hicho, na vyombo vya kukinga vilivyowekwa mahali pengine vilivunjwa nao wenyewe.

Msomaji atasema, Watu hawa walikuwa wapumbavu. Tusifanye haraka kuwahukumu. Kwanza, sumaku huvuta chuma, haivuti jiwe, na vumbi la jiwe ndilo lililokuwa likiua zaidi. Pili, walikuwa na fikira yao, nayo yasikitisha. Walijua ya kuwa mshahara wao ni mzuri kwa sababu watu wanaiogopa kazi hii. Walisema moyoni, Hatari ikiondoka, watu wengi watakuja, na mshahara utashuka, na watoto wetu watalala njaa. Basi wakachagua maisha mafupi yenye chakula kuliko maisha marefu yenye shida. Mtu anayeuza siku zake mwenyewe apate kununua mkate si mpumbavu tu. Ni mtu aliyesongwa. Na waliowasonga walikuwa matajiri walionunua visu kwa bei rahisi, na sisi tunaotumia kitu bila kuuliza kilitoka mkononi mwa nani.

Msaada mkubwa zaidi ulikuwa ni feni, yaani pangaboi iliyotiwa katika bomba nyuma ya jiwe, ivute vumbi lote, la jiwe na la chuma, na kulitupa nje. Chombo hicho kilijulikana miaka mingi kabla ya kutumiwa kila mahali, kwa kuwa mwenye nyumba alisema gharama si yake, na mnoaji alisema si yake. Hata mwaka wa 1867 Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkaguzi wa viwanda amri ya kumlazimisha mtu aweke feni penye kazi ya kunoa. Tangazo na mahubiri hayakutosha; ilihitajiwa sheria.

Palikuwa na hatari ya pili, nayo haikungoja miaka. Jiwe linalozunguka kwa nguvu hutaka kutawanyika, kama vile kombeo linavyotaka kurusha kokoto. Likiwa na ufa wa ndani usioonekana, hupasuka ghafula, na vipande vyake vyaweza kuvunja dari na kumwua mtu. Zamani mawe yalikazwa katika mhimili kwa kabari, na kabari hizo zenyewe zilisukuma jiwe kutoka ndani na kulipasua. Baadaye mafundi walitumia sahani mbili za chuma, moja kila upande, zikazwe kwa skrubu, zilishike jiwe bila kulisukuma. Desturi hiyo twaitumia hata leo.

Kisha jiwe lenyewe likabadilika. Mwaka wa 1873, katika mji wa Worcester wa jimbo la Massachusetts, Marekani, mtu mmoja jina lake Swen Pulson, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya ufinyanzi ya Franklin Norton, alichanganya unga wa jiwe gumu na udongo, akaufinyanga kama gurudumu, akautia katika tanuru pamoja na vyungu. Ukatoka jiwe imara lisilo na ufa wa asili. Tena mwaka wa 1891 Edward Acheson, Mmarekani, alipitisha umeme katika udongo uliochanganywa na makaa, akapata chembe zing'aazo, ngumu karibu kama almasi, akaziita carborundum. Kisha watu wakajua pia kuyeyusha udongo wa bauxite kwa umeme na kupata chembe nyingine zifaazo kunolea chuma cha pua. Mawe hayo ya kufanywa hayana vumbi lile kali la jiwe la mchanga, na katika karne ya 20 yalichukua mahali pa mawe ya Sheffield. Basi, cherehe yetu ya leo ni mtoto wa mfinyanzi.

Sasa tuje karakanani kwetu. Cherehe ndogo ya umeme, yenye mawe mawili, huonekana juu ya meza ya fundi kama kitu kipole. Lakini hesabu upate kujua. Jiwe la upana wa inchi 6 lina mzingo wa karibu sentimeta 48. Likizunguka mara 2,900 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu kilometa 83 kwa saa, sawa na motokaa katika barabara kuu. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kulipasua jiwe huwa mara nne. Ndiyo sababu kila jiwe limeandikwa mwendo wake wa mwisho, na fundi ambaye hutia jiwe katika mota yenye mwendo wa kupita ule, amejiwekea mtego.

Kabla ya kulifunga jiwe jipya, kwanza chomoa waya wa umeme. Kisha litundike jiwe kwa kidole, uligonge taratibu kwa mpini wa mti. Mama zetu hugonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Fanya vivyo hivyo. Likilia kama kengele ni zima. Likitoa sauti ya kufa, lina ufa, usilitumie. Weka vipande vya karatasi nene kati ya jiwe na zile sahani za chuma, ukaze kwa kiasi tu. Rudisha kifuniko cha chuma mahali pake, uwashe, ukasimame kando, si mbele, walau dakika moja, kwa maana jiwe bovu hupasuka mara nyingi hapo mwanzo.

Kile kibao cha chuma cha kuegemezea kazi kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimeta 3. Nafasi ikiwa kubwa, kazi huvutwa chini pamoja na kidole, na jiwe huvunjika. Ulimi wa juu wa kifuniko nao usiwe mbali kupita milimeta 6. Kila jiwe lipunguapo, visogeze tena, cherehe ikiwa imesimama. Usinoe kwa ubavu wa jiwe, maana halikufanywa kwa kubeba mzigo wa upande. Usinoe shaba wala alumini. Hujaza matundu ya jiwe, likapata moto na kuharibika. Vaa miwani ya kukinga macho, hata kwa kazi ya nusu dakika. Usivae glavu wala nguo ya kupepea, na kitu kidogo ukishike kwa koleo. Ukinoa kwa muda mrefu, funga kitambaa cha kuzuia vumbi, na dirisha liwe wazi.

Najua jibu la mafundi wetu wengi, kwa kuwa nimelisikia: Kifuniko chanichelewesha, nimekiondoa, miwani yanitia joto. Na mwanafunzi wake, mtoto wa miaka 14, asimama mbele ya jiwe tupu, kama wale wavulana 70 wa Sheffield. Lakini wale hawakuwa na hiari, maana njaa iliwasonga na dawa ilikuwa haijapatikana. Sisi dawa tunayo, imefungwa kwa skrubu mbili au tatu, nasi twaifungua na kuitupa pembeni.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Musa alimwagiza kila mtu ajengaye nyumba mpya afanyize ukingo kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalieni ya kuwa amri hiyo haikupewa mgeni apandaye darini, bali mwenye nyumba. Basi, ewe mwenye karakana, kifuniko cha cherehe ndicho ukingo wa dari yako. Kirudishe leo, kabla ya mtoto wa mwenzio kufika kazini kesho asubuhi.