Datsun ya Safari Rally: spea zinazotafutwa, na zile zisizotakiwa kurudi nyumbani

Tunaendelea na mfululizo wetu wa historia ya vitu vinavyoingia nyumbani. Tumeshapita jikoni na chooni, leo twende gereji. Najua kuna mtakaosema, "Sista, magari si ya akina baba?" Subirini kidogo. Nguo za gereji anafua nani? Na baba akirudi, nani anamkimbilia mlangoni kumkumbatia?

Post ni ndefu, nimeigawa vipande sita. Nyonyesha huku unasoma.

1. Gari lenyewe

Oktoba 1969 kampuni ya Nissan ilionyesha Japani gari dogo la michezo, pua ndefu, mgongo umeinama, viti viwili tu. Kundi la wabunifu liliongozwa na Yoshihiko Matsuo. Japani liliitwa Fairlady Z. Marekani, ambako biashara ya Nissan ilisimamiwa na Yutaka Katayama, liliuzwa kwa jina la Datsun 240Z. Hiyo 240 ni ukubwa wa injini, lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, na kabureta mbili.

Bei yake Marekani ilianzia dola 3,526. Wakati huo gari la michezo lenye nguvu kama hiyo, kutoka Ulaya, lilikuwa la mtu mwenye hela zake. Hili mwalimu au nesi aliweza kulifikiria. Likauzika sana. Umbo hilo, pamoja na wadogo zake 260Z na 280Z, liliendelea kutengenezwa mpaka 1978.

2. Lilifikaje kwetu

Wazee wenu wanalijua kwa sababu ya Safari Rally. Mashindano yale yalianza 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye kipindi cha Pasaka, kwenye vumbi na matope. Nissan walianza kuyajaribu 1963. Mwaka ule yalianza magari 84 yakamaliza saba, na ya Nissan hayakuwemo kati ya hayo saba.

Hawakukata tamaa. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wawili hao hao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Nyuma yao, wa pili, alikuwa kijana Shekhar Mehta, naye kwenye 240Z. Wa tatu alikuwa Bert Shankland na Peugeot yake, yule ambaye Dar es Salaam walimhesabu kuwa mtu wao.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake nayo iliondoka. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari kwa 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden, naye kwenye Datsun, walimaliza na pointi sawa kabisa, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kwa hiyo shemeji yako akikusimulia habari za "Datsun ya Safari", hakudanganyi. Ni historia ya kwetu pia.

3. Spea zinapotea, zinatafutwa

Sasa hesabu miaka. Gari la 1971 lina zaidi ya miaka 50. Adui yake wa kwanza ni kutu. Bati la Z za mwanzo lilikuwa jembamba, likawa linaliwa chini ya betri, sakafuni, nyuma ya matairi na kwenye reli za chini. Adui wa pili ni raba: za milango, za vioo, za sasipensheni. Raba inakauka hata gari likiwa limefunikwa tu. Wa tatu ni plastiki ya dashibodi, inayopasuka kwa jua.

Watu wanapataje spea? Njia ya kwanza ni gari la kuchinja, yaani unanunua bovu ili umtibu mwenzake. Wanaojua hutafuta yaliyokaa sehemu kavu, kama Arizona na California, kwa sababu huko dashibodi itapasuka lakini bati hupona.

Njia ya pili ni ukoo. Na hapa mafundi wetu, wa Gerezani hata wa Grogan, hawahitaji kufundishwa. Injini ya 240Z ina ndugu. Ile ya Datsun 1600 SSS ina silinda nne, hii ina sita, lakini tundu la silinda ni lile lile, milimita 83. Ni kama dada wawili, mmoja kazaa wanne na mwingine sita, nguo za watoto zinaazimana. Ndiyo maana fundi akijua ukoo wa injini anaweza kukuta kifaa kwenye gari ambalo halifanani kabisa na Z.

Njia ya tatu ni kutengeneza upya. Kabureta haitupwi: inafunguliwa, inasafishwa, vijiraba na gasketi vinabadilishwa. Bati lililooza linakatwa, linakunjwa jipya, linachomelewa.

4. Viwanda vyenyewe vikarudi

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya wapenzi na mafundi wa mitaani. Kisha viwanda vikaamka. Honda walianza mwaka 1993 kupokea gari lao la NSX na kulirudishia upya. Miaka ya 1990 mwishoni, Nissan wa Marekani walinunua 240Z za zamani, wakazifufua, wakaziuza tena kupitia mawakala wao kama gari jipya vile. Mwaka 2017 Nissan kupitia NISMO wakaanza kutengeneza tena spea za Skyline GT-R R32, na mwaka huo huo Mazda wakatangaza kufufua Roadster ya kwanza, mpaka matairi ya muundo wa zamani yakatengenezwa na Bridgestone. Toyota wakafuata 2020 kwa spea za Supra. Na ile 240Z iliyoshinda Safari ya 1971? Wafanyakazi wa Nissan waliifufua kule Japani mwaka 2013, ikawaka tena.

Sasa sikiliza hapa, maana ndo sababu ya post nzima. Watu hawa wanaotafuta uhalisi mpaka nembo ya tairi, kuna vitu hawavirudishi kama vilivyokuwa. Wanaviacha makusudi. Anayefufua gari kwa uaminifu kabisa bado anaweka pedi za breki za kisasa. Kwa nini?

5. Vilivyoachwa na historia

*Asbesto.* Magari ya miaka ile, ya Ulaya, Marekani na Japani, kwa kawaida yalikuwa na asbesto kwenye breki na klachi, mara nyingi na kwenye gasketi. Haiungui kwa joto, ndiyo maana waliipenda. Ubaya wake ni nyuzi ndogo usizoziona, zinavutwa na pumzi, zinakaa kwenye mapafu. Saratani yake inaweza kutokea baada ya miaka 20, 30, hata zaidi.

Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Newhouse na Thompson, walichapisha habari za wagonjwa wa saratani ya utando wa mapafu na tumbo. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi na asbesto hata siku moja. Walichofanya ni kuishi na ndugu aliyefanya kazi hiyo, na wengi katika hao walikuwa wanawake waliofua nguo zake. Soma tena hapo, mama. Vumbi lilikuja nyumbani kwenye ovaroli.

Japani yenyewe ilipiga marufuku breki na klachi za asbesto Oktoba 2004. Ila marufuku haiwezi kuingia kwenye boksi la spea lililolala stoo tangu 1975. Mtu akimwambia mumeo, "Hii ni orijino, haijafunguliwa tangu kiwandani," kwa taa au nembo ni habari njema. Kwa pedi za breki na klachi ni habari mbaya.

*Risasi.* Nasema madini, yale ya kwenye betri. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli, injini haigongi. Dunia nzima ikafuata, na magari ya kizazi cha 240Z yalizaliwa kwenye mafuta hayo. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza Julai 2021. Mabaki yanaweza kuwa bado yamo kwenye masizi ya injini na ekzosi ya gari lililokaa miaka mingi. Na rangi za magari za zamani, hasa nyekundu, ya machungwa na njano, mara nyingi zilitiwa risasi ili zing'ae. Ukipiga msasa mkavu unaitoa yote hewani.

Mtoto mdogo anafyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, halafu yeye ndiye anayetambaa sakafuni na kulamba vidole. Inaharibu ubongo unaokua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na dawa haziwezi kurudisha kilichoharibika kichwani. Kwa mjamzito, risasi iliyokaa kwenye mifupa yake hutoka kwenda kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Dalili? Mara nyingi hakuna. Zikija ni tumbo kuuma, choo kigumu, kukosa hamu ya kula, kuwa mkali, kuchelewa kujifunza. Nani atafikiria gereji hapo?

6. Mkiwa na gari la zamani nyumbani

Sisemi baba aache. Mwanaume mwenye kazi ya mikono jioni ni heri kuliko mambo mengine, mnanielewa. Halafu si lazima iwe 240Z, hata pikapu ya babu iliyolala uani ni yale yale. Kaeni chini mkubaliane haya:

— Breki na klachi za zamani zisipulizwe kwa kompresa wala kupigwa brashi kavu. Zilowanishwe, zifutwe kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Kazi hiyo ikifanywa na fundi mwenye vifaa ni bora zaidi. Na yeye ana watoto kwake, mwambieni.

— Spea za breki na klachi zinunuliwe mpya, zilizoandikwa kwamba hazina asbesto.

— Rangi ya zamani ipigwe msasa wa maji, nje, mbali na jiko, kisima na nguo zilizoanikwa. Maji machafu yasielekezwe kwenye bustani ya mchicha.

— Nguo za gereji zina ndoo yake. Usizikung'ute. Ziloweshe kwanza, zifue peke yake, suuza ndoo. Bora zaidi, azifue mwenyewe.

— Baba aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Viatu vibaki nje.

— Mjamzito na watoto wasikae gereji kazi ikiendelea, hata "kumpelekea chai tu".

— Sakafu ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharage, dagaa, mboga za majani na maziwa, kinasaidia mwili usifyonze risasi nyingi.

Kama kazi ya rangi au injini imekuwa ikifanyika nyumbani muda mrefu na una mtoto chini ya miaka sita, au una mimba, mwambie daktari waziwazi: "Nyumbani tuna kazi ya gari la zamani, naomba kipimo cha risasi kwenye damu." Si kila kituo wanapima, ila hospitali kubwa wanaweza kuchukua damu na kuituma maabara. Na wewe ambaye umefua ovaroli hizo mara mbili tatu, usilale na hofu. Hatari hujengeka kwa kurudia, miezi na miaka. Anza leo kufanya tofauti.

La mwisho ni mikanda. Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na umeokoa watu wengi mno. Lakini kitambaa cha mkanda nacho huzeeka kwa jua na jasho. Gari likifufuliwa, mikanda iwe mipya hata kama ya zamani inaonekana mizuri. Na 240Z haina kiti cha nyuma. Pale nyuma ya viti ni pa mzigo, mtoto hakai pale hata kwa kwenda dukani. Nissan wenyewe waliona familia zimebaki nje, mwaka 1974 wakatoa 260Z ya viti vinne. Kama baba bado anatafuta la kununua, mtajie hiyo.

Mtumie post hii, asome kipande cha tano kwa sauti. Sehemu ijayo tunarudi ndani: historia ya jiko la mkaa na kifua cha mtoto. Usiku mwema, na mikono inawe.