Chungu cha Mvuke

Msomaji, ukisafiri kwa nchi kavu kutoka Malindi kwenda Lamu, huna budi kufika Garsen. Hapo ndipo barabara iuvukapo Mto Tana, mto mrefu kuliko yote katika Kenya, ambao huteremka kadiri ya kilomita elfu moja kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya mpaka Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Zamani magari yalivushwa hapo kwa kivuko. Siku hizi liko daraja. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na miembe kandokando ya mto, na wafugaji, Waorma na Wawardei, huteremsha ng'ombe wao majini wakati wa ukame. Mto huo ndio mlezi wao wote, lakini mlezi mwenye hasira. Ulipofurika mwaka wa 1961, na tena mwaka wa 1997, ulimeza mashamba na njia, na watu wakakimbilia penye miinuko. Mtu aliyelala siku nyingi juu ya ardhi iliyolowa, chini ya paa livujalo, si ajabu akapatwa na mafua na kifua.

Mafua yakiingia nyumbani, dawa ya kwanza haitoki hospitali. Hutoka jikoni. Maji huchemshwa pamoja na majani ya mwarobaini au ya mkaratusi, au ndimu na tangawizi; chungu huteremshwa sakafuni, mgonjwa huketi juu ya kigoda, akainama na kufunikwa blanketi pamoja na chungu chake. Jasho humtoka, pua hufunguka, naye hujiona amepata nafuu. Hivyo ndivyo kujifukiza. Katika sehemu nyingi za Tanzania jambo hilo hilo huitwa kupiga nyungu, na nyungu si kitu kingine ila chungu. Tafadhali likumbuke neno hilo, kwa sababu habari yote nitakayokusimulia ni habari ya chombo zaidi kuliko ya dawa.

Nilipata kumwona mtoto wa miaka mitano katika kijiji kimoja kisicho mbali na Garsen. Bibi yake alikuwa amemfunika blanketi, akatoka nje kidogo kumwita jirani. Mtoto aliona giza na joto, akaogopa, akapiga teke. Chungu kilipinduka, na maji yote yakamwagika juu ya paja na mguu wake. Bibi yule hakuwa mjinga wala mzembe. Yeye mwenyewe alilelewa kwa chungu hicho hicho, na watoto wake wote vilevile. Kosa lake lilikuwa dakika moja.

Sasa twende mbali kidogo, tutazame jinsi watu wa hospitali walivyokutana na hatari hiyo hiyo. Mwaka wa 1778 tabibu mmoja wa mji wa Plymouth, Uingereza, aitwaye John Mudge, alichapisha kitabu juu ya kikohozi, na ndani yake akaeleza chombo alichokibuni: kopo la madini lenye kifuniko na mrija wa kuvutia mvuke. Mkono wa kopo ulikuwa wazi ndani na wenye tundu, ili mgonjwa avutapo, hewa iingie kwa mkono, ipite katika maji ya moto, kisha imfikie kinywani ikiwa na unyevu. Mudge alikisifu sana chombo chake. Lakini aliwanywesha wagonjwa wake dawa yenye kasumba pia, na kasumba hutuliza kikohozi. Basi nani awezaye kusema ni kipi kilichowaponya, mvuke au kasumba? Swali hilo halikuulizwa kwa bidii ila baada ya zaidi ya miaka mia mbili.

Katika miaka ya 1860 kikatokea Uingereza chombo kilichokuja kuenea sana, jagi la Nelson. Lilikuwa la udongo uliochomwa na kung'arishwa, mfano wa gudulia nene, lenye mdomo mfupi ubavuni wa kuingizia hewa, na kizibo juu chenye mrija wa kioo. Tazama, msomaji: ni chungu kile kile. Tofauti ni kwamba hiki kina kizibo, na mgonjwa haingii ndani ya blanketi pamoja nacho.

Dawa iliyotiwa katika jagi hilo nayo ina safari yake, na safari hiyo yahusu pwani yetu. Wauguzi walitumia zeri iliyotengenezwa kwa utomvu uitwao benzoini. Utomvu huo hutoka katika miti ya Sumatra na nchi jirani zake. Waarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Jawa, kwa kuwa Jawa lilikuwa jina walilovipa visiwa vile vya mashariki. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, baadaye alifika Sumatra na kuutaja ubani huo. Wazungu waliposikia neno la Kiarabu walilikata kichwa, wakalipinda mkia, likawa benzoini. Hivyo muuguzi aliyetia kijiko cha zeri katika jagi alikuwa akitia ndugu wa ubani ufukizwao katika nyumba za Lamu na Kipini.

Elimu ya uuguzi ilikuja Kenya pamoja na utawala wa Waingereza na wamisionari. Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao, katika nchi ya Wapokomo, mwaka wa 1887. Na chuo cha taifa cha mafunzo ya tiba, KMTC, kilianzia Nairobi mwaka wa 1927. Vitabu vilivyofundisha uuguzi vilikuwa vya Kiingereza, na katika vitabu hivyo kufukiza mgonjwa kulikuwa somo lenye kurasa zake. Ukizisoma leo utashangaa jinsi dawa inavyotajwa kwa mstari mmoja, na tahadhari kwa mistari mingi.

Mwanafunzi alifundishwa kwanza kupasha jagi moto, lisije likapasuka. Maji yaliyochemka yaliachwa kidogo mpaka joto lipungue kufika kadiri ya nyuzi 80, kisha yakatiwa mpaka chini ya mdomo wa hewa, si zaidi, kwa maana yakiuziba mdomo huo hewa haiingii, na mgonjwa avutapo kwa nguvu huenda akavuta maji ya moto badala ya mvuke. Jagi lilivikwa kitambaa, likasimamishwa ndani ya beseni, na beseni likawekwa juu ya meza imara. Mgonjwa aliketishwa wima, akaegemezwa mito. Mdomo wa hewa uligeuzwa upande usiomwelekea. Alivuta kwa kinywa na kutoa kwa pua, muda wa dakika tano mpaka kumi. Na muda wote huo mwanafunzi alikaa karibu naye. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, mwenye kifafa, mwenye usingizi wa dawa, na mtoto mdogo, hawakupewa jagi kabisa.

Huenda ukauliza, mbona maji yaogopwe kuliko mvuke? Swali lako ni jema, maana somo la fizikia laonekana kusema kinyume. Gramu moja ya mvuke wa nyuzi 100, ikigeuka kuwa maji juu ya ngozi, hutoa kalori 540 hivi kabla haijaanza hata kupoa. Gramu moja ya maji yachemkayo, ikipoa mpaka joto la mwili, hutoa kalori 63 tu. Kwa hiyo mvuke utokao moja kwa moja katika mdomo wa birika ni moto wa kutisha, wala usiujaribu kwa kidole. Lakini mvuke ukipanda kadiri ya mkono mmoja huchanganyika na hewa ukapoa, na uliobaki ni kidogo. Maji yakimwagika hayaji kwa gramu. Huja kwa lita, hulowesha nguo, na nguo huyashikilia mwilini. Ndiyo maana beseni, meza na kitambaa vilikuwa na thamani kuliko zeri yenyewe.

Watoto ndio waliolipa gharama kubwa. Kwa miaka mingi huko Ulaya, mtoto mwenye dondakoo, au mwenye krupu, maradhi yale ya kukohoa kama mbwa abwekavyo, alilazwa ndani ya hema la shuka, na birika lenye mdomo mrefu likachemka kando ya kitanda likipeleka mvuke ndani. Desturi hiyo ilidumu mpaka karne ya 20. Chanjo ilipopunguza dondakoo, na dawa mpya zilipopatikana, hema lilianza kukunjwa. Kisha watu wakalirudia swali lililoachwa na Mudge. Mwaka wa 2006 madaktari wa Toronto, Kanada, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wenye krupu: waliopewa hewa yenye unyevu mwingi hawakupata nafuu kuliko waliopewa yenye unyevu kidogo. Kwa mafua ya kawaida pia, uchunguzi mbalimbali haujaonyesha faida ya hakika. Mvuke hulainisha pua na kumpa mtu raha kwa kitambo. Hauui kijidudu cha maradhi.

Nakiri kwamba jambo hili halipendezi wazee wetu, nami sina haja ya kuwacheka. Raha ya kitambo kwa mtu aliyezibwa pua usiku kucha si kitu kidogo. Lakini raha hiyo yafaa ipimwe kwa bei yake.

Bei hiyo ilionekana tena mwaka wa 2020. Ugonjwa wa Korona ulipothibitishwa nchini Kenya mwezi wa Machi, na hofu ikaenea kuliko ugonjwa wenyewe, sufuria na vyungu vilitoka kila mahali. Nchini Tanzania viongozi wakuu waliwahimiza wananchi kujifukiza. Huko Uingereza, nchi ya Mudge na Nelson, madaktari wa mji wa Birmingham waliandika mwaka huo huo kwamba watoto waliounguzwa katika kujifukiza nyumbani walikuwa wameongezeka ghafula. Kumbe kisa cha mtoto wa Garsen kilikuwa kikitokea pia katika nyumba zenye umeme na maji ya bomba.

Mwanafunzi wa uuguzi afundishwaye leo hukuta mashine za kupulizia dawa mahali palipokuwa na jagi, na wengi wao hawatalishika jagi la Nelson maisha yao yote. Hata hivyo atokapo kwenda kijijini hukikuta chungu, kwa hiyo hana budi kujua la kumwambia mwenye chungu. Humwambia asimfukize mtoto mdogo. Humwambia mkubwa ajifukizaye aweke chombo mezani, ndani ya beseni, asijifunike pamoja nacho sakafuni, wala asiachwe peke yake akiwa dhaifu. Na mtu akiungua, amwagiwe maji safi ya baridi yatiririkayo muda wa dakika ishirini, asipakwe siagi, yai wala dawa ya meno, kisha apelekwe hospitali.

Mtoto yule alipona, ingawa kovu lake ni pana kama jani la mgomba lililochanika. Niliporudi kijijini kwao nilimkuta bibi bado anajifukiza, peke yake, bila mtoto. Alikuwa amechimba shimo katika mchanga wa uani, akakizika chungu mpaka shingoni, akaketi pembeni yake juu ya kigoda. Nilikisukuma chungu kile kwa mguu. Hakikutikisika.