Rangi Moja, Vimelea Tofauti: Historia ya Utambuzi wa Maambukizi ya Mifupa ya Mgongo, Kilema na Moshi

Mgonjwa anayeshuka kutoka Kilema kwenda Moshi akiwa na maumivu ya mgongo yasiyokoma, homa za jioni na miguu inayoanza kufa ganzi, hukuta jina la ugonjwa wake limekwisha kuandaliwa: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huenda asiwe amekohoa hata siku moja, lakini neno "kifua" limo ndani ya jina hilo. Mara nyingi utambuzi huo huwa sahihi. Insha hii inachunguza hali ambazo huwa si sahihi, yaani pale mifupa ya mgongo inaposhambuliwa na mikobakteria wasio wa kifua kikuu. Hoja yake ya msingi ni kwamba vifaa na taratibu zilizookoa maisha ya wengi katika mteremko wa Kilimanjaro ndizo pia zilizowaficha wachache walioumwa ugonjwa mwingine.

Chanzo cha utata huu ni cha zamani kuliko hospitali za Moshi. Mwaka 1779, daktari wa upasuaji Percivall Pott wa Uingereza alieleza uhusiano wa kibiongo na kupooza kwa miguu. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kimelea cha kifua kikuu, na muda mfupi baadaye ikapatikana mbinu ya kukitia rangi nyekundu kwa jina la Ziehl na Neelsen. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Kilema mwaka 1890, elimu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane tu. Hata hivyo, rangi ya Ziehl na Neelsen hushikwa na ukuta wenye nta ulio katika jamii nzima ya mikobakteria. Chini ya hadubini, ndugu wote hao hufanana. Ilikuwa hadi miaka ya 1950, kwa kazi ya Timpe na Runyon, ndipo spishi nyingine zilipoanza kupangwa katika makundi kwa kuangalia rangi na kasi ya kuota kwao.

Katika Kilimanjaro, mapambano dhidi ya kifua kikuu yalipata makao Kibong'oto mwaka 1926, wakati ambapo tiba ilikuwa mapumziko, hewa safi na lishe. Dawa zilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao Karel Styblo alishiriki kuujenga, na ambao baadaye ulikuwa kielelezo kwa Shirika la Afya Duniani. Nguzo yake ilikuwa kupima makohozi kwa hadubini na kusimamia umezaji wa dawa. Mantiki yake ilikuwa wazi: anayekohoa vimelea ndiye anayeambukiza, hivyo atafutwe kwanza. Kwa nchi yenye rasilimali chache uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini mgonjwa wa mgongo hana makohozi ya kupima, na kwa sababu haambukizi wengine, alibaki pembezoni mwa mpango huo.

Kuanzishwa kwa hospitali ya rufaa ya KCMC mwaka 1971, na chuo cha mafundi wa viungo bandia na mikanda ya kutegemeza mwili mwaka 1981, kuliboresha huduma kwa wagonjwa hao. Ugumu wa utambuzi haukuondoka. Picha ya eksirei huonyesha pingili zilizoporomoka bila kutaja kimelea kilichozila. Usaha hupatikana kwa sindano ndefu au upasuaji, na kuotesha vimelea huchukua wiki kadhaa. Katika mazingira hayo tiba huanzishwa kwa kukisia. Mgonjwa akipona, makisio huhesabiwa kuwa uthibitisho. Asipopona, hudhaniwa kwamba alichelewa, aliacha dawa au ana kimelea sugu. Uwezekano wa nne, kwamba kimelea chenyewe ni kingine, si rahisi kuingia katika jalada lake.

Ushahidi kwamba uwezekano huo si wa kinadharia ulitoka kaskazini mwa Tanzania kwenyewe. Utafiti wa matezi yaliyovimba uliofanyika Arusha na kuchapishwa mwaka 2004 uliwataja mikobakteria wasio wa kifua kikuu sambamba na kimelea cha ng'ombe, Mycobacterium bovis. Kisha, kati ya mwaka 2006 na 2008, watafiti waliwatambua wagonjwa watatu wenye VVU waliokuwa na maambukizi yaliyopenya ndani ya mwili: wawili walikuwa na Mycobacterium sherrisii, na mmoja alikuwa na kimelea cha kundi la Mycobacterium avium. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 2009. Idadi ni ndogo, lakini maana yake kwa historia ya mgongo ni kubwa, kwa kuwa kimelea kinachosafiri katika damu kinaweza kutua kwenye mfupa.

Njia nyingine ilidhihirika Ulaya. Kati ya mwaka 1988 na 1993, wagonjwa 58 waliofanyiwa upasuaji wa mgongo katika kliniki moja ya Paris waliambukizwa Mycobacterium xenopi kutokana na maji ya bomba yaliyosuuzia vifaa. Bakteria hawa huishi katika maji na udongo. Ni kosa, hata hivyo, kurukia hitimisho kwamba mifereji ya asili ya Wachaga inayopita kwenye vihamba vya Kilema ni chanzo cha maradhi. Watu wengi hugusana na bakteria hao bila madhara. Mfupa hushambuliwa hasa pale penye jeraha, upasuaji au kinga iliyodhoofika.

Kipimo cha vinasaba kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 kiliharakisha kazi, lakini hutafuta jamii ya kifua kikuu peke yake. Vimelea vikionekana kwa hadubini huku kipimo hicho kikikana, hilo ni swali linalodai jibu. Gharama ya kutolijibu humwangukia mgonjwa: isoniazidi na pirazinamidi hazifai kitu dhidi ya kundi la avium, ambalo huhitaji dawa kama klarithromisini kwa mwaka mmoja au zaidi. Wakati huo unapopotea, uti wa mgongo hubanwa.

Kwa hiyo mtafiti anayesoma daftari za wagonjwa wa mgongo hana budi kutofautisha kimelea kilichothibitishwa na uamuzi uliofikiwa kwa makisio. Kwa mganga, somo ni kwamba usaha wa mgongo uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa kila hali ya mgonjwa inaporuhusu, kwa sababu baada ya hapo ushahidi huanza kutoweka.