Kidole Chini ya Jicho: Historia Fupi ya Tiba ya Kujigonga

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kulikoni. Nipo, jamani. Nilikuwa nimezama kwenye madesa kama enzi za mlimani, nikifuatilia jambo moja lililoanza kama udadisi wangu tu, likaishia kunizunguka dunia nzima. Leo nalimwaga hapa. Vuta kiti, ndugu msomaji.

Kwanza nieleze lilipoanzia. Mwaka juzi nilitumwa kuripoti ajali ya basi kwenye barabara ya Morogoro. Ajali kwa mwandishi wa habari si kitu kigeni: unahesabu, unaandika majina, unamtafuta kamanda wa polisi akupe kauli, unarudi mjini. Nilichokuwa sikukitegemea ni simu. Marehemu walikuwa wamelazwa kando ya barabara, wamefunikwa khanga na mashuka, na simu zao zilikuwa zinaita mifukoni. Zinaita, zinakatika, zinaita tena. Moja ilikuwa imedondoka majanini na kioo chake kikaandika "Mama".

Niliandika habari yangu, maneno 400, ikatoka ukurasa wa kwanza. Miezi mitatu baadaye nilikuwa bado naamka saa tisa usiku nikisikia mlio ule, moyo unakwenda mbio, shuka limelowa jasho. Chumba cha habari hakina nafasi ya mambo hayo. Ukithubutu kusema unaambiwa utazoea, au unaulizwa kama wewe ni mwanaume kweli.

Baadaye nikapata semina Arusha, kwenye jengo la AICC, lile lile ilimokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda mpaka ilipofunga kazi mwaka 2015. Asubuhi moja tunakunywa chai, simu ya mtu ikaita kwa mlio ule ule. Nikamwaga chai. Mwandishi mwenzangu kutoka Kigali, aliyekaa mbele yangu, hakucheka. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Kaka, hebu fanya kama mimi." Akaanza kujigonga taratibu kwa ncha za vidole: ukingo wa kiganja, mwanzo wa nyusi, pembeni mwa jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, chini ya mtulinga, chini ya kwapa. Huku najigonga, akasema, nilifikirie lile jambo, nisilikimbie.

Nilijiona kama mwendawazimu. Lakini usiku ule nililala mpaka asubuhi.

Sasa mimi ni mwandishi. Kitu kikinisaidia nataka kujua kimetoka wapi na nani anakula nacho. Nikaanza kuchimba.

Chimbuko lake liko California, Marekani, karibu mwaka 1980. Mwanasaikolojia aitwaye Roger Callahan alikuwa na mgonjwa anayetajwa kwa jina moja tu, Mary, ambaye aliogopa maji kupita kiasi. Callahan alikuwa amehangaika naye mwaka na zaidi bila mafanikio ya maana. Siku moja, kwa masimulizi ya Callahan mwenyewe, Mary alimwambia hofu hiyo anaisikia tumboni. Callahan alikuwa amesoma habari za tiba ya Kichina ya sindano, inayosema mwilini mna mifereji ya nguvu, na kwamba mfereji wa tumbo unaanzia chini ya jicho. Akamwambia ajigonge pale. Mary akajigonga, akasema hofu imekwisha, akainuka kuelekea kwenye bwawa la kuogelea.

Hadithi tamu, sivyo? Callahan akaijengea tiba nzima aliyoiita Thought Field Therapy, au TFT. Mwaka 1985 akatoa kitabu kilichoahidi kuondoa hofu kwa dakika tano. Kila shida ikapewa mpangilio wake wa sehemu za kugonga. Kilele chake kikawa mbinu ya kumpima mgonjwa kwa kusikiliza sauti yake kwenye simu, na mafunzo ya mbinu hiyo yakauzwa kwa bei iliyofikia dola 100,000. Umesoma vizuri: dola laki moja, ili ufundishwe mahali pa kugonga.

Mmoja wa wanafunzi wake, Gary Craig, mhandisi aliyesoma Stanford, akajiuliza swali la kihandisi: je, mipangilio yote hii ni ya lazima? Katikati ya miaka ya 1990 akaifuta, akaacha mzunguko mmoja kwa kila tatizo, akaubatiza jina la Emotional Freedom Techniques, EFT, na kitabu chake cha maelekezo akakimwaga bure kwenye intaneti. Ndiyo maana kujigonga kulisafiri haraka namna ile. Aliyeuza aliwapata wachache, aliyegawa bure aliwapata wengi. Lakini angalia pia jambo jingine lililojificha hapo: kama mipangilio ya Callahan ilikuwa ndiyo siri ya tiba, mbona Craig aliifuta na watu wakaendelea kusema wanapona?

Wanasayansi waliliona hilo mapema. Mwaka 1999 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kiliwaagiza waandaaji wa mafunzo ya wataalamu wasihesabu mafunzo ya TFT kuwa ya kujiendeleza kitaaluma. Mwaka 2001 jarida la Journal of Clinical Psychology lilichapa makala za kundi la Callahan bila kuzipitisha kwa wataalamu wa kuzikagua kama ilivyo desturi, likaweka pembeni majibu ya wakosoaji ili msomaji aamue mwenyewe. Wakosoaji hawakuwa na huruma.

Halafu likaja jaribio ambalo nilipolisoma nilinyong'onyea kabisa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Kanada, Waite na Holder, walichapisha utafiti wa wanafunzi 119 wa chuo waliokuwa na hofu mbalimbali. Waliwagawa makundi manne. La kwanza lilijigonga sehemu zile zile za EFT. La pili lilijigonga mkononi, mahali pasipo na maana yoyote katika nadharia hiyo. La tatu halikujigonga kabisa, liligonga mwanasesere. La nne lilipewa karatasi likatengeneza kidude cha kuchezea. Matokeo? Makundi yote matatu yaliyogonga yalipungukiwa na hofu, na yalilingana. Kundi la karatasi halikupata nafuu ya maana.

Mwanasesere, jamani! Nilijisikia kama mtu aliyenunua simu Kariakoo, akafika nyumbani, akafungua boksi, akakuta kipande cha sabuni.

Nikampigia yule mwenzangu wa Kigali, nusu nikimlaumu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimeshasoma habari za kwao. Sikuwa nimezisoma.

Rwanda, kati ya Aprili na Julai 1994, katika siku zipatazo 100, watu wengi kupita laki nane waliuawa. Waliobaki hawakubaki wazima. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, linalotumika kwa mtu ambaye yaliyopita yamemrudia ghafla, pumzi ikamkatika. Sisi tunaosema fulani "anahaha" tunalisikia hilo neno bila mkalimani. Kila Aprili, kwenye hafla za kumbukumbu, watu huanguka na kupiga mayowe kana kwamba wauaji wako mlangoni, na washauri husimama pembeni tayari kuwapokea. Nchi iliyokuwa na hospitali moja ya magonjwa ya akili, Ndera, ingewatibu wote hao vipi?

Ndiyo maana watu wa TFT walipofika mwaka 2006 hawakufukuzwa. Walianza na kituo cha yatima mjini Kigali. Vijana 50 wenye dalili za kiwewe walifanyiwa tiba hiyo mara moja tu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2010 ilisema kwamba kabla ya tiba, kwa tathmini ya walezi, wote 50 walivuka kiwango cha kuhesabiwa wagonjwa, na baadaye wakabaki asilimia 6. Vijana wenyewe walipojieleza, asilimia 72 ilishuka hadi 18. Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti mwingine, wa manusura 145 watu wazima, waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine watibiwe mapema na wengine wasubiri. Waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliosubiri, na miaka miwili baadaye nafuu ilikuwa ingalipo.

Usikimbilie kupiga vigelegele. Utafiti wa yatima haukuwa na kundi la kulinganishia, na waliofanya tafiti zote mbili walikuwa watu wa tiba hiyo hiyo. Ule wa pili uliwalinganisha waliotibiwa na watu waliokuwa wakisubiri, yaani watu ambao bado hakuna aliyekaa nao. Sasa kumbuka mwanasesere. Tunajua kwamba kutibiwa kulishinda kusubiri. Hatujui kama kilichoshinda ni vidole.

Kilichonifumbua macho kilikuwa upande wa pili wa mpaka, Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watafiti wakiongozwa na Frank Neuner waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio wataalamu, kuwasaidia wenzao Wanyarwanda na Wasomali 277. Kundi moja lilisimulia maisha yao yote kwa mpangilio, pamoja na yale mabaya. Kundi jingine lilipewa ushauri nasaha wa kawaida. La tatu lilifuatiliwa tu. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yaliyohudumiwa yalipata nafuu kuliko lililofuatiliwa, na kati ya hayo mawili haikuonekana tofauti kubwa. Hapakuwa na kidole chini ya jicho. Alikuwepo jirani aliyefundishwa, anayejua lugha yako, aliyekaa mbele yako muda wa kutosha huku wewe ukilitazama lile jambo bila kukimbia.

Na ukirudi nyuma utaona kujigonga nako kuna hayo hayo. Unalikumbuka jambo, mwili uko salama, mikono ina kazi, mtu yupo. Wanasaikolojia wanalijua hili kwa muda mrefu: kumbukumbu ya kutisha ikiitwa mara kwa mara mahali pa usalama hupungua makali. Ile mifereji ya nguvu hakuna aliyeionyesha kwa kipimo kinachokubalika. Watetezi wana tafiti zao mpya zenye matokeo mazuri, nami sizibezi. Lakini taasisi ya Uingereza inayoandaa miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2018 haikuiweka EFT kwenye tiba inazopendekeza kwa kiwewe. Ilisema ifanyiwe utafiti zaidi. Nadhani hapo ndipo penye haki.

Nilimuuliza yule mwenzangu yeye alijifunzia wapi. Kwa mama yake, akasema. Mama ni manusura, na alifundishwa na mzee mmoja wa kanisani kwao. Nikauliza, "Na mama anasemaje, ni vidole vilivyomsaidia?" Akanyamaza kidogo. Akasema mama hazungumzii vidole. Anachosimulia ni kwamba yule mzee alikuja Jumanne, na Jumanne iliyofuata akarudi.

Maneno hayo yalinikaa rohoni, kwa sababu mimi sikurudi. Siku ile ya ajali kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa akimtafuta dada yake kati ya wale waliofunikwa. Nilimfuata na kinasa sauti nikamuuliza lile swali letu la aibu: "Unajisikiaje?" Akajibu sentensi mbili. Nikazitumia zote mbili. Namba yake ilibaki kwenye daftari langu.

Mwezi uliopita nilimpigia. "Wewe si yule wa gazeti?" akauliza, na nikajua anasubiri niseme nataka habari nyingine. Nikamwambia sina habari ninayotafuta, nilitaka tu kujua anaendeleaje. Kimya. Kisha akaanza kuongea, akaongea karibu saa nzima, mpaka vocha yangu ikakata na yeye akanipigia. Sikumfundisha kujigonga. Hakuuliza. Alichoniomba ni nimpigie tena.

Basi huo ndio msimamo wangu, wadau. Ukijigonga ukalala, lala. Mimi mwenyewe bado najigonga usiku ule mlio unaponirudia, ingawa najua habari za mwanasesere. Akija mtu kukuuzia sehemu za siri kwa maelfu ya shilingi, mkumbushe kwamba Craig alizigawa bure. Na kama hali ni nzito, hulali wala huli, au unawaza kujidhuru, usibaki na vidole vyako chumbani. Nenda hospitali, Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na tiba zilizopimwa zipo.

Mengine niachieni maoni yenu. Mimi sasa hivi nafunga mashine. Leo ni Jumanne, na nina simu ya kupiga.