Santuri, Mkahawa na Taarabu ya Usiku katika Mji wa Unguja

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wenziwe wa taarabu, ili sauti zao zitiwe katika sahani za santuri na kampuni ya His Master's Voice. Taarabu ilikuwa imeletwa Unguja kutoka Misri katika zama za Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na lugha yake jumbani ilikuwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na baada ya safari ile maneno ya watu wa Ng'ambo yakaanza kuuzwa madukani.

Jina lenyewe la santuri lastahili kuangaliwa. Asili yake ni ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu; Waswahili wakalihamishia kwenye mashine iimbayo bila ya mwimbaji. Kile kilichozungushwa juu yake kikaitwa sahani ya santuri, na baadaye sahani nayo ikaitwa santuri tu.

Mashine ilikuwa ya ghali, na wengi hawakuweza kuwa nayo nyumbani. Kwa hiyo santuri ilisikilizwa zaidi katika mkutano wa watu, hasa mkahawani. Mwenye mkahawa alipopata sahani mpya alipata na wateja. Mtu aliagiza kikombe cha kahawa chungu, akatafuna kashata, akasikiliza. Sahani ilipokoma, mazungumzo ndipo yalipoanza: fumbo lile alipigwa nani, na neno hili lina maana gani? Mkahawa ukawa kama chuo cha kufasiri mashairi, na mwalimu wake alikuwa yeyote aliyekuwa na hoja.

Hata hivyo santuri haikuiua taarabu ya usiku. Sahani ya inchi 10, izungukayo mara 78 kwa dakika, huchukua kama dakika 3 tu upande mmoja. Nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, ambako watu walikusanyika usiku kumsikiliza, wimbo haukuwa na mpaka huo. Beti ziliweza kuongezwa, kiitikio kikarudiwa, na tukio la jana likaingizwa katika utungo wa leo. Santuri ilichukua wimbo mmoja katika sura moja, ikaukaza. Usiku uliuacha wimbo uendelee kukua. Aliyeusikia mkahawani alikuwa na sababu ya kwenda kuusikia tena kinywani mwa mwenyewe.

Wimbo wa "Kijiti" ni ushahidi mzuri. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji akakimbilia bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio wakafungwa, kwa kosa la pombe. Mahakama ilikwisha kutoa hukumu yake. Wimbo ukatoa nyingine. Waliohukumiwa hawakuwa na gazeti wala wakili wa kuwasemea, lakini kila sahani ilipozungushwa, kesi ilifunguliwa upya mbele ya wanywa kahawa.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na baadhi ya sahani zake zimesalia. Mtaalamu wa lugha anayezisikiliza leo hupata matamshi, msamiati na mizani ya Kiunguja cha mjini, tena kutoka kwa watu ambao maandishi yao ni machache mno. Lakini asidhani kwamba dakika zile 3 ndizo wimbo mzima. Nusu ya maana ilikaa mkahawani, katika mabishano ya wasikilizaji. Na nyingine ilikaa Ng'ambo usiku, katika beti ambazo hazikufika Bombay. Anayeichambua sahani peke yake huichambua barua iliyokatwa kichwa na mkia. Santuri yataka kusomwa pamoja na mji ulioisikiliza.